Maswali ya Gereji: Klachi ya Kwadi, Kabla Hujafungua Nati

Barua nyingi za mwezi huu zimehusu kwadi, zile pikipiki za magurudumu manne zinazozungusha wageni Nungwi na Diani, zinazokokota matela mashambani na zinazopanda matuta ya mchanga kule Oman. Wengi mmeuliza kama klachi inatengenezeka nyumbani. Inatengenezeka, ila ujue kwanza unayo ipi. Kuna klachi ya leva mkononi kama pikipiki ya kawaida. Kuna ya gia za mguu isiyo na leva. Na kuna ya mkanda, ambayo hubadilishi gia ukiwa mwendoni. Dawa ya moja ni sumu kwa nyingine.

Assalaam aleikum mafundi. Nina Yamaha Raptor 700, naiendesha mchangani Bidiya. Nikiwa gia ya nne nikibana mafuta kupanda tuta, injini inapiga kelele lakini mwendo hauongezeki. Leva nayo imekuwa ngumu. Ninunue pleti? — Msomaji, Muscat

Waalaikum salaam, ndugu yetu. Dalili ni za klachi inayoteleza, lakini usinunue kitu bado. Hilo la leva kuwa ngumu ndilo la kufuata kwanza. Mchanga na chumvi vikiingia kwenye ala ya waya, waya haurudi wote unapoachia leva, na klachi inabaki imefunguka kidogo wakati wote. Pleti, zile sahani zinazobanwa pamoja ndani ya klachi, zinasuguana, zinapata moto, zinaungua. Ukibadilisha pleti na kuuacha waya uleule, utarudi hapohapo baada ya wiki chache.

Chomoa waya juu na chini, uvute kwa mkono. Ukikwama hata kidogo, weka mpya. Ukiwa mzima, upake mafuta mepesi, uurudishe, kisha upime mchezo kwenye ncha ya leva, yaani umbali inaotembea kabla ya kuanza kuvuta. Kwenye kwadi nyingi ni milimita 10 hadi 20, na kipimo cha modeli yako kimo kwenye kitabu chake. Leva isiyo na mchezo kabisa ina maana klachi haifungi sawasawa.

Angalia pia oili, ambayo tutaieleza kwenye swali linalofuata. Baada ya hapo jaribu tena mahali tambarare: gia ya juu, mwendo wa wastani, bana mafuta kwa ghafla. Kelele ikipanda na mwendo ukabaki palepale, sasa fungua.

Osha kwadi kwanza, hasa upande wa kulia, maana punje za mchanga zikidondoka ndani ya injini zitakwenda kwenye beringi. Mwaga oili ikiwa na uvuguvugu. Wengine huilaza kwadi upande wa kushoto ili wasimwage oili; hatupendekezi, kwa sababu petroli huvuja na betri ya maji humwaga asidi. Tazama kama pampu ya maji imefungwa kwenye mfuniko huohuo wa klachi. Ikiwa hivyo, maji ya rejeta nayo yamwagwe, injini ikiwa imepoa.

Bolti za mfuniko hazilingani urefu. Chora umbo la mfuniko kwenye kipande cha katoni, toboa matundu, na kila bolti ichomekwe mahali pake. Bolti ndefu ikiingia tundu fupi inapasua kizimba cha injini, na hasara hiyo inazidi bei ya pleti zote. Mfuniko ukigoma, ugonge kwa nyundo ya mpira pembeni. Usiingize bisibisi katikati ya nyuso mbili. Mkwaruzo mmoja tu unatosha kuvujisha oili.

Ndani utaona bolti zinazobana springi. Zilegeze kwa msalaba, robo mzunguko kila moja kwa zamu, hadi springi zote ziachie kwa pamoja. Toa presha pleti, ile ya juu inayobana nyingine zote, kisha pleti moja moja, uzipange juu ya gazeti kwa mpangilio uleule na upande uleule. Zipo za msuguano, zenye meno nje, na za chuma tupu, zenye meno ndani. Kwenye baadhi ya injini pleti ya ndani kabisa ya msuguano ni nyembamba kwa upana na inakaa na pete mbili, moja ikiwa imepinda kama sahani. Pete hiyo ikigeuzwa, klachi itatetemeka kila unapoondoka. Piga picha kabla ya kutoa chochote.

Sasa pima. Pleti mpya ya msuguano huwa na unene wa karibu milimita 3, na kikomo cha kuitupa mara nyingi ni kati ya 2.6 na 2.8 kulingana na modeli. Tofauti ni ndogo mno kwa rula ya shule. Tumia venia, na upime sehemu tatu au nne za kila pleti. Pleti ya chuma iweke juu ya kioo kinene, upitishe fila geji (kibamba chembamba cha kupimia nafasi) ya milimita 0.2 chini yake. Ikipita, pleti imepinda. Iliyogeuka buluu au nyeusi imeungua, itupe hata kama bado imenyooka. Springi zisimamishe pamoja mezani: iliyofupika utaiona kwa jicho, lakini zote zipimwe dhidi ya kitabu na zibadilishwe zote kwa pamoja.

Kisha pitisha ukucha kwenye vidole vya hausingi ya klachi, pale meno ya pleti yanapokaa. Ukucha ukinasa kwenye mifereji, pleti haziwezi kuteleza mbele na nyuma kwa uhuru. Mifereji midogo unaweza kuilainisha kwa tupa laini, bila kula alumini nyingi. Mifereji yenye kina inataka hausingi mpya.

Pleti mpya za msuguano zilale ndani ya oili ileile ya injini angalau saa moja, usiku kucha ni bora zaidi. Zikifungwa kavu zinaungua dakika za kwanza kabisa. Anza na ya msuguano, kisha ya chuma, kwa zamu, na umalizie na ya msuguano. Kwenye injini nyingine pleti ya mwisho inakaa kwenye vifereji vifupi vya pembeni, siyo kwenye mstari wa wenzake. Presha pleti ikiwa na alama ya nukta au mshale, ilingane na alama ya kitovu, kile cha katikati kinachobeba pleti.

Bolti za springi ni ndogo, za milimita 6, na zimeshikwa na alumini. Nguvu yake kwa kawaida ni nyutoni mita 10 hadi 12 tu. Zikaze kwa msalaba, kwa awamu mbili au tatu. Hapa ndipo wengi wanapovunja: wanakamata spana ndefu, wanakaza kwa hasira, nguzo ya kitovu inakatika. Kama huna spana ya kupimia nguvu, tumia spana fupi ya herufi T na uzungushe kwa vidole, si kwa bega.

Gasketi mpya, pini mbili za mfuniko ziwe mahali pake, oili mpya, mchezo wa leva upimwe upya. Mwendo wa kwanza usiwe wa matuta.

Jambo moja zaidi. Utaambiwa ufunge springi nzito ili klachi ishike zaidi. Kwa injini ambayo haijaongezwa nguvu, springi nzito zinaficha pleti zilizokwisha na kuichosha mikono yako. Pleti nzuri na springi za kiwandani zinatosha mchanga wote wa Bidiya.

Natumia oili ya gari kwenye kwadi yangu kwa sababu ni ileile 10W-40 na ni rahisi kupatikana. Kuna ubaya? — Msomaji wa Kilifi

Upo, kama klachi yako inaoga ndani ya oili ya injini, kama ilivyo kwenye kwadi za leva na za gia za mguu. Namba 10W-40 inaeleza uzito tu. Oili nyingi za magari ya petroli zina dawa ya kupunguza msuguano ili gari lile mafuta kidogo, na klachi inaishi kwa msuguano huohuo. Nyuma ya kopo tafuta maandishi JASO MA au MA2. Hizo zimepimwa kwa klachi za ndani ya oili. JASO MB ni ya skuta zenye klachi kavu, usiiweke.

Ikiwa tayari umeweka ya gari na klachi imeanza kuteleza, badilisha oili na chujio, endesha siku chache, badilisha tena. Pleti ambazo hazijaungua mara nyingi hurudi kushika bila kufungua kitu.

Shikamooni. Mwanangu ana kwadi ndogo ya Kichina ya cc 110, gia tatu na rivasi, haina leva ya klachi. Ukiingiza gia inaruka mbele kama mbuzi, na wakati mwingine inatembea yenyewe injini ikinguruma tu. Fundi mmoja amesema injini ifunguliwe yote. — Mama wa Nungwi

Marahaba, mama. Usikubali ifunguliwe bado. Injini nyingi za aina hiyo zina klachi mbili ndani. Ya kwanza iko kwenye kranki, shafti kuu ya injini, na inashika yenyewe kwa mzunguko: injini ikienda kasi, vizito vinatanuka na kubana ngoma. Ya pili ina pleti, na inafunguliwa na pedeli ya gia kila unapobadilisha.

Kwa hiyo makosa mawili unayoyaeleza yanatoka sehemu mbili. Kutembea yenyewe, mara nyingi ni injini kunguruma kwa kasi mno bila mafuta kubanwa. Kwenye kabureta kuna skrubu ya kupunguza mzunguko; ipunguze, injini ikiwa imepata moto, hadi gurudumu lisisukumwe gia ikiwa ndani. Ikiendelea kutembea hata kwa mzunguko mdogo, springi za vizito zimelegea au imekatika moja, na hapo mfuniko wa kulia utafunguliwa. Mpaka hilo liishe, mtoto asiipande.

Kuruka wakati wa kuingiza gia kunarekebishwa kwa nje. Kwenye mfuniko wa kulia wa injini utaona nati yenye skrubu katikati. Injini ikiwa imezimwa, shika skrubu kwa bisibisi, legeza nati. Zungusha skrubu mzunguko mmoja kuelekea saa inakokwenda, usizidishe. Kisha irudishe kinyume cha saa polepole mpaka uhisi inaanza kugoma. Kutoka hapo izungushe kuelekea saa kwa moja ya nane hadi robo ya mzunguko. Ishikilie hapo, kaza nati. Bisibisi ikisogea wakati wa kukaza, kazi yote imeharibika, anza upya.

Mfano wa kurekebisha huu ulitoka kwenye injini za Honda za mtindo wa Cub, ambazo nyingi za hizi za Kichina zimeigwa. Washa, ukanyage gia ya kwanza. Ikiingia kwa mshtuko mdogo na kwadi haiondoki, umemaliza. Ikiteleza unapobana mafuta, skrubu imekazwa upande mbaya na pleti hazifungi.

Kama kwadi ya mtoto ina mbele na nyuma tu bila gia za kubadilisha, aghalabu haina klachi ya pili wala skrubu hii. Usiitafute.

Tuna Honda TRX ya gia za mguu hapa shambani. Kuondoka inachelewa, injini inapiga kelele kisha ndipo inashika kwa nguvu. Ikishashika haitelezi tena hata mlimani na tela nyuma. Tumesharekebisha skrubu ya mfuniko, haikusaidia. — Wafanyakazi wa shamba, Naivasha

Mmefanya vizuri kutuambia kwamba mlimani haitelezi, kwa sababu hilo linaondoa pleti. Ingekuwa pleti, ingeteleza zaidi kwenye mzigo. Kuchelewa kuondoka peke yake ni ile klachi ya vizito kwenye kranki: bitana ya vizito (utando wa msuguano) imekwisha au imekuwa laini kama kioo, au ngoma imekwanguka.

Kuifikia kunahitaji uangalifu wa mambo matatu. Nati ya klachi hii imepigwa ikabonyea kidogo pembeni ili isilegee. Inueni sehemu iliyopigwa kwa tindo ndogo kabla ya kuweka spana, la sivyo nyuzi za kranki zitakwanguka. La pili, kwenye TRX kadhaa nati hiyo ina nyuzi za kushoto, yaani inafunguliwa kuelekea saa inakokwenda. Hakikisheni kwenye kitabu cha modeli yenu kabla ya kuongeza bomba kwenye spana. La tatu, klachi hutolewa kwa pula yake, kifaa cha kuivutia nje. Msiigonge kwa nyundo kutoka nyuma. Kranki ikipinda, injini yote imekwenda.

Ndani ya ngoma mna beringi inayozunguka upande mmoja tu. Ndiyo inayowezesha injini kushika kwadi mnapoteremka. Ikirudishwa kinyume, kwadi itaserereka mteremkoni kama baiskeli isiyo na breki. Iwekeni alama ya rangi kabla ya kuitoa. Baada ya kufunga, zungusheni kitovu kwa mkono: kizunguke upande mmoja na kigome upande wa pili, uleule mliouona mwanzo.

Mkishafungua, safisheni wavu wa kuchujia oili. Unga wa bitana hukusanyika hapo, na oili ikikosa kupita, beringi ndizo zinazolipa.

Kwadi yetu ya mkanda inatoa harufu ya mpira, inatetemeka ikianza kuondoka, na baada ya kuvuka mto ilikataa kabisa kwenda. Tumeshabadilisha mikanda miwili mwaka huu. — Msomaji wa Njombe

Mikanda miwili kwa mwaka inatuambia kwamba mkanda siyo ugonjwa, ni jeraha. Tazameni ule wa zamani. Ukiwa na sehemu moja iliyolika kama shingo ya chupa, puli ya injini ilizunguka huku magurudumu yamesimama: kwadi ilikwama au mzigo ulikuwa mzito, na mtu akaendelea kubana mafuta. Pande zake ziking'aa kama kioo, umeteleza kwa muda mrefu. Ukichanika nyuzi pembeni, puli hazikai mstari mmoja au zina makwaruzo.

Sababu kubwa tunayoiona kwenye barua za mashambani ni kufanya kazi nzito kwenye H, gia ya mwendo kasi. Ukivuta tela, ukipanda mlima au ukienda mwendo wa mtu anayetembea, weka L, gia ya mwendo mdogo. Kwenye H, kwa mwendo mdogo, mkanda haujabanwa vya kutosha, unateleza na kupata moto.

Maji ya mto ni suala jingine. Mkanda ukilowa hauwezi kushika. Chini ya kisanduku cha mkanda mara nyingi kuna kizibo cha kumwagia maji, kifungueni, yatoke. Kisha weka nyutro, breki ikiwa imefungwa, zungusha injini kwa mafuta ya wastani mara kadhaa ili upepo wa puli ukaushe. Halafu tafuteni maji yaliingilia wapi: bomba la hewa lililochomoka, au mpira wa mfuniko uliokauka.

Kubadilisha mkanda kunaanza injini ikiwa imepoa na ufunguo mfukoni mwa anayefanya kazi. Puli ya nyuma hutanuliwa kwa kifaa chake au bolti inayoingia kwenye tundu lenye nyuzi. Mkanda ukilegea, unatolewa juu ya puli ya nyuma kwanza. Msiusukume kwa bisibisi, mtakwaruza uso wa puli na mkanda mpya utaliwa na mkwaruzo huo. Ondoeni kila uzi uliobaki nyuma ya puli na kwenye sili za shafti. Futeni nyuso za puli kwa spiriti na kitambaa safi. Grisi na oili hazitakiwi kabisa. Mkanda mpya uoshwe kwa maji ya sabuni, ukaushwe. Mshale wake uelekee upande wa mzunguko. Kama hauna mshale, maandishi yasomeke upande uleule kama ya zamani.

Kilomita 50 hadi 80 za kwanza endesheni bila tela na bila kubana mafuta hadi mwisho.

Puli ya mbele msiipasue kama hamna vifaa vyake. Ndani mna springi iliyobanwa kwa nguvu, na mfuniko wake ukiruka unavunja mkono. Msiwashe injini kisanduku kikiwa wazi ili kutazama inavyozunguka. Mkanda uliochoka unaweza kukatika palepale.

Pleti za klachi za bodaboda zinaingia kwenye kwadi? — Msomaji wa Kisumu

Wakati mwingine, kwa sababu injini ndogo za Kichina za kwadi na za pikipiki ni ndugu. Usinunue kwa jina la pikipiki. Nenda na pleti ya zamani, hesabu meno, pima kipenyo cha nje, cha ndani na unene. Vyote vinne vikilingana, funga. Unene ukizidi hata kidogo ukizidisha kwa idadi ya pleti, klachi haitafunguka.

Nimebadilisha pleti mwenyewe. Haitelezi tena, lakini injini ikipata moto haiingii nyutro, na gia ya kwanza inaingia kwa kishindo. Nimekosea wapi? — Msomaji wa Jinja

Sasa klachi yako haifunguki yote. Anza na mchezo wa leva: ukizidi, ukibana leva hadi mwisho pleti bado zinagusana. Hilo ni la dakika tano na spana mbili.

Kama mchezo ni sawa, jiulize kama pleti zilifungwa kavu. Hizo hushikana zikipata moto. Kisha kumbuka ulipotoa presha pleti: katikati mna fimbo ya kusukuma, na kwenye injini nyingine gololi ndogo ya chuma au beringi nyembamba. Gololi hunata kwenye oili, hudondoka kwenye sinia bila mtu kuiona, na bila hiyo fimbo inakuwa fupi. Tazama sinia ulilomwagia oili kabla hujaenda dukani.

Ikiwa vyote vipo, rudi kwenye pleti za chuma. Wengi hununua za msuguano peke yake na kuzirudisha za chuma bila kuzilaza kwenye kioo. Moja iliyopinda inatosha kuleta kishindo unachokisikia, na huzidi injini ikipata moto kwa sababu chuma hutanuka. Mwisho kabisa kagua vidole vya hausingi. Pleti mpya haziingii vizuri kwenye mifereji iliyochongwa na za zamani. Zinanasa kwenye kingo na kubaki zimebana.

Mwaga oili, fungua tena kwa utaratibu uleule wa msalaba, na gasketi uliyoiweka juzi usiirudishe hata kama inaonekana nzima. Imeshabonyezwa mara moja. Ukijaza silikoni nyingi badala yake, uzi wake hukatika kwa ndani na kwenda kuziba njia ya oili.